Mdhamini wa Kipa

Mwalimu Enesi alifika kwa Makene Jumamosi asubuhi, karatasi kaibana kwapani, viatu kavishika mkononi kwa sababu ya tope la majaruba ya mpunga. Alikuja na habari njema, na mtu mwenye habari njema hajiandai kwa ugomvi. Miriamu, mke wa Makene, alikuwa anapepeta mchele mlangoni pa jiko. Alimwona mwalimu anatabasamu tangu mbali akajua leo kuna jambo, na mikono ikapunguza kasi yenyewe.

"Mwangaluka, baba," mwalimu alisalimu kwa Kisukuma cha kuokoteza, maana yeye ni Mnamwanga wa hapohapo Namchele, na Makene ni mtu wa kuja, aliyeshuka bonde la Momba na ng'ombe zake miaka kumi na miwili nyuma.

"Mwangaluka, mwalimu. Kaa. Kuna usalama?"

"Usalama mtupu, baba! Ile kampuni ya simu, Upepo, imekubali. Timu yetu ya wasichana imo. Jezi, viatu, mipira, gari la kutupeleka Tunduma kwenye mashindano, chakula, vyote juu yao. Na kipa wetu ni nani? Goodness wako! Kilichobaki hapa ni saini yako tu. Ijumaa saa kumi fomu ziwe ofisi ya kata, dada wa kampuni anakuja mwenyewe kuzichukua."

Makene aliipokea fomu kwa mikono miwili. Darasa la saba analo, tena la zamani, la kusoma kwa kidole. Kidole kilitembea kwenye mstari wa juu, kikafika katikati, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikasimama tena palepale.

"Fomu ya... u-dha-mi-ni," alisoma. Akaiweka karatasi chini, mbali kidogo na mguu wake. "Mwalimu, mwanangu amefanya kosa gani?"

"Kosa? Hakuna kosa, baba."

"Sasa anadhaminiwa kwa lipi?"

Tusimcheke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Makene nyoka wake anamjua kwa jina. Anaitwa Efraimu, rafiki wa kuchunga naye, aliyeshitakiwa mahakama ya mwanzo kwa wizi wa ufuta wa watu. Makene ndiye aliyesimama kumdhamini, akaandikisha maksai wake wawili wa kulimia. Efraimu akatoka mahabusu Jumanne, Alhamisi yuko Zambia, na mpaka leo hajakanyaga upande huu. Maksai walikwenda mnadani huku Makene anatazama. Tangu siku ile neno mdhamini halikutamkwa tena katika boma lake, na watoto walilihesabu kuwa ni tusi.

"Baba, huu ni udhamini mwingine," alisema Mwalimu Enesi, na yeye ndiye anayefundisha Kiswahili pale sekondari. "Ni udhamini wa mpira. Kampuni inasaidia tu."

"Inasaidia tu! Hata mtandao wao haukamati hapa. Mtu hajakuwekea mnara, atakuletea viatu?" Makene aliiokota tena ile karatasi. "Na wakifungwa je?"

"Wakifungwa wanarudi nyumbani."

"Thubutu! Hebu soma hapa chini." Kidole chake kilikuwa kimeshafika mstari wa mwisho, ule wa herufi ndogo kama mayai ya chawa. "Mzazi atawajibika kulipa thamani ya vifaa vya mdhamini vitakavyopotea au kuharibika. Nimeandika mimi hayo?"

Mwalimu Enesi aliinama akasoma. Uso ulimshuka. Alikuwa amezitembeza zile fomu kumi na sita nyumba kwa nyumba tangu jana yake, na mstari ule hakuuona.

"Kiatu cha namna ile ni bei gani, mwalimu? Hujui. Na mimi sijui. Ila najua wakija hapa wataangalia wapi." Alinyanyua kidevu kuelekea zizini. "Mwanangu acheze na wenzake hapahapa, adake mpira wa makaratasi, simkatazi. Lakini udhamini, hapana. Mama Goodness, mpe mwalimu maziwa ya mgando, aende salama."

Goodness alikuwa amesimama nyuma ya jiko na ndoo ya maji kichwani, kayasikia yote. Ile ndoo hakuitua mpaka mwalimu alipoondoka.

Gulio la Namchele ni Jumanne, na Makene si mtu wa kukaa na jambo rohoni. Alilisema kwa muuza chumvi, akalisema kwa fundi baiskeli, akalisema palipo na watu wengi zaidi, kwenye nyama choma: ile fomu ya kina Enesi ni ya mahakama, msiiguse. Nani angembishia? Kama kuna mtu Namchele mwenye haki ya kuzungumzia udhamini ni yeye. Hadi jioni wazazi sita walikuwa wamekwenda kwa mwalimu kudai fomu zao, na mmoja aliichana mbele yake.

Kesho yake, baada ya shule, Miriamu na Goodness walikuwa shambani wanafukuza ndege. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama, na kwelea hawana huruma. Goodness alisimama kwenye tuta na kopo la mawe madogo, anatikisa, anapiga kelele, anatikisa tena. Ana miaka kumi na sita na kimo cha baba yake. Mikono nayo ni mikubwa, alikuwa akiificha alipokuwa mdogo kwa sababu wenzake walimtania, mpaka siku Mwalimu Enesi alipoiona akamwambia asiifiche tena.

"Mwalimu anasema atamweka Priska golini," alisema, macho kayaelekeza kwa ndege.

"Priska yupi? Wa mama Loisi?"

"Ndiye. Mama, Priska mpira ukija anafumba macho."

Miriamu aliangua kicheko. Alipoona anacheka peke yake akanyamaza.

"Mwaka jana Msangano walitufunga saba," Goodness aliendelea. "Zote za chini. Nilikuwa sijui kudaka mipira ya chini. Nimejifunza mwaka mzima, kila siku nikishamaliza maji. Sasa hivi hazipiti, mama. Muulize mtu yeyote."

"Baba yako nimemwomba mara tatu."

"Najua. Basi, mama. Acha."

Mtoto akilia unajua la kufanya, unambembeleza. Huyu alisema acha, akatikisa kopo lake, akaendelea na ndege. Hilo ndilo lililomchoma Miriamu, likamchoma kwelikweli, akaona bora angelia. Alikaa kwenye tuta akajifuta miguu na majani, kisha akamwita.

"Ile karatasi iko wapi?"

"Kwenye daftari. Mwalimu aliiacha."

"Ilete. Nisomee ule mstari wa chini. Polepole."

Goodness alisoma. Akaambiwa arudie. Akarudia. Miriamu alikuwa ameishia darasa la nne, herufi ndogo zinamsumbua, lakini sikio lake halina kasoro, na kuna kitu katika sentensi ile kilikuwa hakikai sawa, kinachezacheza kama jino bovu.

"Mdhamini hapo ni nani?"

"Kampuni, mama."

"Na anayewajibika?"

"Mzazi."

"Baba yako alipomdhamini Efraimu, nani alipoteza maksai?"

"Baba."

"Efraimu alipoteza nini?"

"Hakupoteza kitu."

Miriamu alisimama, akashika kiuno. "Ala! Basi hii karatasi kaiandika Efraimu!"

Goodness alimtazama mama yake, kisha akaitazama karatasi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alicheka, akacheka mpaka kopo likamwanguka, na kwelea wakapata nafasi yao.

Ijumaa Miriamu alimuaga mumewe kwamba anakwenda ofisi ya kata.

"Kufanya nini?"

"Kuuliza swali."

Makene alikuwa anafunga kamba ya ndama. Hakuinua kichwa. "Kuuliza si kosa," alisema. "Ila usiweke kidole kwenye karatasi yao."

Hakwenda peke yake. Alimpitia Loisi, mama yake Priska, na Conjesta, mwenye mabinti wawili katika timu moja. Walifika saa saba mchana. Mtendaji wa kata, Bwana Osward, alikuwa mezani kwake, na kwenye benchi kando yake kakaa msichana wa kampuni mwenye fulana ya kijani iliyoandikwa Upepo kifuani na mgongoni. Chini kulikuwa na boksi la viatu na boksi la jezi, bado yamefungwa.

"Akina mama, kaeni nje kivulini, mtaitwa," alisema Osward bila kuuliza wamefuata nini.

Wakakaa. Walipita wanaume wawili waliokuja baada yao, wakahudumiwa wakatoka. Akapita mtu wa kuuza kuku. Saa nane na nusu Conjesta akaanza kunung'unika kwamba ameacha maharage jikoni, na Loisi akasema labda warudi, mambo ya ofisi yana wenyewe. Miriamu aliinuka, akajikung'uta khanga, akaingia.

"Shikamoo, mama," yule msichana wa fulana alimwahi. "Karibu. Naitwa Tulinagwe, mimi ni wa hapo Itumba tu. Umeleta fomu?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeileta, lakini sijaisaini. Nina swali. Kwenu Itumba, mtu akikudhamini, likitokea la kutokea nani anakamatwa?"

Tulinagwe alitabasamu akijua ni mzaha, kisha akaona si mzaha. "Anakamatwa... mdhamini."

"Haya. Soma mwisho hapo."

Akasoma. Osward akajikohoza. "Mama, hiyo ni lugha ya kitaalamu, inatoka makao makuu Dar es Salaam. Si ya kujadiliwa hapa. Baba Goodness yuko wapi? Tungeongea naye."

"Baba Goodness ndiye aliyeona mstari huu. Wasomi wote mmepita juu yake."

Loisi na Conjesta walikuwa wameshajaa mlangoni. "Hata sisi hatusaini!" Conjesta alipaza sauti. Tulinagwe aliangalia boksi, akaangalia saa. Timu ilitakiwa iwe na wachezaji wasiopungua kumi na wawili, na mezani palikuwa na fomu nane. Binti wa watu alikuwa amekula vumbi siku tatu akizunguka na mabango na maboksi, Chitete, Msangano, Namchele, na sasa timu inamfia mkononi kwa ajili ya mstari mmoja.

"Ngoja nimpigie meneja," alisema. Akatoa simu. Akainyanyua juu. Akaishusha. Akatoka nje, akazunguka ofisi, akarudi. "Haikamati," alikiri, na uso ulimwiva.

"Mtandao wa nani huo?" Loisi aliuliza, sauti ya upole kabisa.

"Wa... wa kwetu."

Walicheka wote, hata Osward. Ni yeye aliyetoa simu yake yenye laini ya kampuni nyingine, akawaongoza mpaka kwenye kichuguu nyuma ya choo, mahali pekee Namchele pa kupigia. Tulinagwe alipanda na viatu vyake vizuri. Aliongea muda mrefu kidogo, Ndiyo bosi, hapana bosi, ni kweli bosi, kisha akawasha sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi," sauti ya mwanamume ilisema kutoka Dar es Salaam. "Huo ni utaratibu tu. Hakuna mzazi atakayedaiwa."

"Kama hakuna atakayedaiwa, mstari unakaa wa nini?" Miriamu alisema kutoka chini ya kichuguu. "Ufutwe."

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Miriamu. Baba, nakusalimu. Mume wangu aliwahi kuwa mdhamini, tunaujua udhamini vizuri kuliko nyinyi. Kwetu mdhamini ndiye anayebeba wasiwasi, yule mwingine anatembea. Kama nyinyi ni wadhamini, wasiwasi bebeni nyinyi. Viatu vikichanika ni vyenu, mpira ukipotea ni wenu. Kama hamtaki, andikeni jina jingine hapo juu. Andikeni rafiki, andikeni mgeni, lolote. Lakini mdhamini msijiite, mnatutia hofu bure."

Osward alianza kuhesabu salio lake moyoni. Kisha ikasikika pumzi, na baada ya pumzi kicheko kifupi cha mtu aliyeshikwa.

"Tulinagwe."

"Naam, bosi."

"Kata huo mstari. Saini pembeni, na mtendaji agonge muhuri."

"Kwa timu hii?"

"Kwa timu zote."

Hapo Conjesta alipiga kigelegele, maharage kayasahau. Walirudi ofisini karibu wanakimbia. Tulinagwe aliuchora mstari ule kwa kalamu nyekundu na rula, akasaini, na Osward alichukua muhuri, akaupulizia pumzi, mkono ukabaki hewani.

"Sasa saini ya baba mwenye kaya."

"Fomu inasemaje?" Miriamu aliuliza.

"Inasema mzazi. Lakini kwa kawaida—"

"Mtendaji, mwanangu. Goodness alipozaliwa Makene alikuwa mnadani na ng'ombe. Alirudi siku ya tatu. Aliyezaa ni mimi, nilikuwepo, nakumbuka vizuri sana."

Tulinagwe aligeukia ukutani kuficha kicheko. Osward hakuwa na pa kugeukia. Miriamu alivuta kiti bila kukaribishwa, akashika kalamu. Alikuwa amekatazwa kuweka kidole, naye hakuweka kidole. Aliandika jina lake, herufi baada ya herufi, Miriamu Ngasa, na ilimchukua muda, na wote walisubiri.

Alimwambia mumewe jioni ileile, kabla jua halijazama, kwa sababu jambo likilala huota mizizi.

"Nimesaini."

Makene alikuwa anakamua. Maziwa yaliendelea kugonga kibuyu, cha, cha, kisha yakakoma.

"Nilikuambia nini?"

"Usiweke kidole. Nimeandika jina."

Alisimama. Miriamu alikuwa amejiandaa kwa makelele, na kwa yale ya baada ya makelele, lakini Makene alimpita tu, akachukua fimbo, akatoka. Siku mbili hakusema naye. Alikula ugali wake, akanawa, akaondoka. Goodness alitembea ndani ya boma lile kwa kunyatia, akaacha hata kucheka na wadogo zake, na kila aliporudi mazoezini alipitia nyuma. Na Miriamu, tuseme ukweli, aliogopa. Si kupigwa, Makene hana mkono huo. Aliogopa kwamba labda ni yeye aliyekosea, kwamba iko siku gari la kijani litaingia uani, na watu watashuka wanaelekea zizini.

Jumapili baada ya ibada Makene aliketi kivulini. "Ilete hiyo karatasi."

Miriamu alileta nakala aliyopewa ofisini, nayo imekatwa kwa wino uleule na kugongwa muhuri. Kidole kilianza safari yake. Kilipofika kwenye mstari mwekundu kilipanda, kikashuka, kikaukwaruza kidogo kuona kama wino utatoka. Kisha kikaenda kwenye muhuri.

"Wamekata wenyewe?"

"Wenyewe. Nimewaambia mdhamini ndiye anayebeba."

"Umewaambia hivyo? Watu wa Dar?"

"Kwenye simu. Nilikuwa chini ya kichuguu."

"Kiatu kikipotea?"

"Cha kwao."

Makene aliikunja karatasi mara mbili. Mabega yakaanza kumtikisika, na Miriamu alishtuka, kisha akaona ni kicheko. "Ningekuwa na wewe siku ile ya Efraimu," alisema, "leo ningekuwa nalima na maksai wangu." Alimrudishia karatasi. "Ila Tunduma siendi. Ndege watamaliza mpunga."

Uwanja wa Tunduma siku ya mashindano ulijaa mpaka kwenye kuta. Walikuwepo wabeba mizigo, wabadilisha fedha, madereva wa malori yanayongoja kuvuka, na Wazambia wa Nakonde waliokuja sokoni wakasikia ngoma. Mabango ya kijani ya Upepo kila kona. Wasichana wa Namchele waliteremka kwenye gari wakiwa na jezi zilizoshonwa kwa ajili ya wanaume, mikono inafika viwikoni, na viatu ambavyo havijazoea miguu yao wala miguu haijavizoea. Mchezo wa kwanza walicheza nusu yao peku. "Wamama wa mpunga!" mtu alipiga kelele, na watu wakacheka. Namchele wakashinda mbili bila. Kicheko kikapungua.

Fainali ilikuwa na wasichana wa mjini Tunduma wenyewe, wenye viatu vyao na kocha mwenye filimbi. Miriamu alikaa chini na Loisi nyuma ya goli, khanga imekazwa. Dakika ya kumi na tano Namchele walipata bao la kubahatisha, mpira ulimgonga binti mkubwa wa Conjesta begani ukaingia, na Conjesta akaruka uzio. Baada ya hapo mpira ulihamia upande mmoja. Tunduma wakaja, wakaja tena. Mipira ya juu Goodness akaidaka, na ile ya chini akaiendea kwa tumbo, vumbi likatimka, akainuka nayo. Mzambia mmoja mwenye begi la kwacha alisahau biashara yake. "Uyu mwana!" alikuwa anasema kwa Kibemba, kila baada ya mpira. "Uyu mwana!"

Kipindi cha pili Miriamu alisikia mtu anapiga mluzi wa kuswagia ng'ombe. Mluzi ule aliujua. Aligeuka. Makene alikuwa amesimama nyuma yake, kofia, fimbo na koti la ibada.

"Ndege je?" Miriamu aliuliza.

"Nimekuja kuulizia bei ya ng'ombe," alijibu bila kumtazama. "Nani kawaambia waliache lile jinga la upande wa kulia peke yake? Mfuate, binti! Mfuate!"

Zilibaki dakika mbili. Kona ya nne mfululizo. Mpira ulipanda, ukaning'inia, na chini yake watu kumi wakaruka kwa pamoja. Juu ya vichwa vyote ikatokea mikono miwili yenye glavu za njano za Upepo, ikaukamata, ikaanguka nao katikati ya miguu. Mtu alipiga teke. Mwingine akapiga. Refa akapuliza. Wote waliondoka mmoja mmoja, na chini akabaki Goodness kajikunja, mpira kaukumbatia, glavu moja imechanika toka kidole mpaka kifundo.

Uwanja mzima ulisimama kuona kama atainuka. Akainuka, akaichunguza ile glavu kwa hofu, na moja kwa moja macho yakamtafuta baba yake.

"Imechanika!" Makene alipiga kelele, fimbo juu, furaha imemzidi. "Imechanika, jamani! Na si yetu! Chana na nyingine, mwanangu!"

Refa alipomaliza mchezo wasichana wa Namchele walikimbia huku na huko bila kujua wakimbilie wapi, hakuna aliyewahi kuwafundisha namna ya kushangilia fainali. Mwalimu Enesi alipiga magoti palepale. Tulinagwe alikuwa analia juu ya fulana ya kijani. Meneja kutoka Dar es Salaam, mwanamume mfupi wa miwani, alikabidhi kombe, akatangaza kwamba kipa bora wa mashindano ni Goodness Makene wa Namchele, na kwamba kampuni itamlipia shule mpaka kidato cha nne. Kisha mtangazaji akachukua kipaza sauti. Mzazi wa kipa tafadhali, aje apige picha na binti yake.

Makene aliinuka wa kwanza. Alikung'uta koti, akavua kofia, akaivaa tena. Alipiga hatua mbili kuelekea uwanjani, watu wakimpisha na kumpigapiga mgongoni. Akasimama. Akageuka.

"Mama Goodness."

"Abee."

"Nenda wewe. Jina lililo kwenye karatasi si langu."

Miriamu alifikiri anatania. Alimtazama usoni akaona hatanii, macho yamejaa maji na hayafuti. "Nenda, mama," alisema tena. "Wanangoja."

Akaenda. Uwanja ule ukiwa umekaa pembeni si mkubwa, ukiukanyaga hauishi. Alivua ndala katikati ya safari kwa sababu zilimkwaza, akafika peku. Meneja alimpa mkono. Mtangazaji akamwekea kipaza sauti mdomoni na kumwomba ataje jina, Tunduma imsikie.

"Miriamu Ngasa," alinong'ona.

Kile chombo kikalichukua jina lake kikalitupa juu ya watu, juu ya kuta, mpaka kwenye malori yaliyopanga foleni. Alishtuka, akakirudisha. Mbele yake Goodness alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, uso kaufunika kwa ile glavu iliyochanika. Miriamu alikivuta kipaza sauti tena, na safari hii hakunong'ona.

"Huyu nimemzaa mimi," alisema. "Na nimemsainia mimi."